Tetris: Mchezo unaotuliza akili, mbunifu wake alisubiri malipo miaka 12

MCHEZO wa kompyuta wa Tetris, unaopendwa na wengi kwa kutuliza akili baada ya kazi, ulibuniwa mwaka 1984 jijini Moscow na Alexey Pajitnov, mtaalamu wa kompyuta wa Akademia ya Sayansi ya Umoja wa Kisovieti.

Kanuni zake ni nyepesi. Maumbo ya aina saba, kila moja likiwa na miraba minne, hushuka kutoka juu ya kioo. Mchezaji huyageuza na kuyapanga. Mstari ukijaa bila pengo, hufutika. Maumbo yakirundikana hadi juu, mchezo huisha.

Utulivu wake hutokana na hilo: macho na mikono vikishughulikia umbo moja baada ya jingine, mawazo mengine hukosa nafasi.

Hata hivyo, Pajitnov hakufaidi mapema. Alikuwa ameiachia Serikali haki za mchezo huo kwa miaka 10, hivyo hakupata mrabaha hata kampuni ya Nintendo ya Japani ilipouuza kwa ajili ya kifaa chake cha Game Boy mwaka 1989.

Alianza kuvuna jasho lake mwaka 1996, yeye na Henk Rogers walipoanzisha kampuni ya kuusimamia.