Maji Hayachungulii Ndani

Funga kilo moja ya chuma kwenye kilo moja ya ubao mkavu mwepesi, kisha utose mzigo huo kwenye pipa la maji. Utaelea au utazama? Wengi hujibu utazama, na wenye hesabu huleta ushahidi. Chuma ni kizito karibu mara 8 kuliko maji ya ujazo uleule, ubao ni nusu tu ya maji. Jumlisha, gawa kwa mbili, unapata zaidi ya 4. Kitu kizito mara 4 kuliko maji kitaeleaje?

Kitaelea. Kosa liko kwenye wastani. Kilo moja ya chuma haijazi hata kikombe cha chai: ni mililita 128 hivi. Kilo moja ya ubao ule ni lita 2 nzima. Mzigo wote una ujazo wa lita 2.13 na uzito wa kilo 2, ilhali maji ya kujaza nafasi hiyohiyo yana kilo 2.13. Maji yameshinda kwa gramu 130 hivi, na ushindi mdogo kama huo unatosha. Unachotakiwa kutafuta ni jumla ya uzito ukiigawa kwa jumla ya ujazo, yaani densiti ya mzigo mzima. Kujumlisha densiti mbili na kugawa kwa mbili kunaleta jibu sahihi pale tu vipande vinapolingana ujazo. Lita moja ya chuma ikifungwa kwenye lita moja ya ubao, hapo ndipo ile 4 inasema kweli, na mzigo unakwenda chini bila mjadala.

(Nimesema ubao mwepesi kwa makusudi. Mpingo una kilo 1.2 hivi kwa lita, na huzama wenyewe hata baharini, bila kufungiwa chuma.)

Wanafunzi hufundishwa kwamba kizito huzama na chepesi huelea, na sentensi hiyo fupi imeharibu vichwa vingi. Meli ya tani elfu kumi inaelea, sindano inazama. Archimedes, Mgiriki wa Syracuse aliyeishi zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, aliliweka jambo hili vizuri zaidi: kitu kilichomo majini husukumwa juu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa maji kiliyoyaondoa. Sababu yenyewe si ngumu. Kadiri unavyoshuka, maji yanabana zaidi, kwa hiyo msukumo wa chini ya kitu unazidi ule wa juu yake. Maji yanagusa ngozi ya nje tu. Hayachungulii ndani kuona chuma kimewekwa wapi na ubao umewekwa wapi. Ukikipigilia chuma juu, chini, au pembeni, jibu la kuelea au kuzama ni lilelile.

Kinachobadilika ni mkao.

Hakuna kinachoonyesha jambo hili vizuri kuliko mche wa mkoko. Mbegu ya mkoko huota ikiwa bado mtini, na mche huning'inia kama fimbo ya kijani ambayo huweza kuzidi nusu mita. Ukidondoka maji yakiwa yamekupwa, huenda ukachoma tope na kusimama papo hapo. Ukidondoka yakiwa yamejaa, unachukuliwa. Mwanzoni husafiri umelala juu ya maji. Kadiri siku zinavyopita, ncha ya chini, ile itakayotoa mizizi, inanywa maji na kuwa nzito kuliko upande wa chipukizi. Densiti ya mche mzima bado ni ndogo kuliko ya maji, hivyo hauzami, lakini unaanza kuinama mpaka unaelea wima, mizizi chini na chipukizi juu. Ukisukumwa mahali pa kina kifupi, ncha inayogusa tope ndiyo hasa inayotakiwa kugusa. Ukifika kwenye mlango wa mto, kama ule wa Rufiji, unashuka zaidi kidogo, kwa kuwa lita ya maji ya bahari inazidi lita ya maji baridi kwa gramu 25 hivi. Na ule unaokosa ufuo kwa muda mrefu huendelea kunywa, mpaka densiti yake inaipita ya maji, na hapo unazama.

Mche mmoja, maswali mawili. Jumla ndiyo inayoamua kama unaelea. Mgawanyo wa uzito ndani yake ndio unaoamua unaeleaje.

Kwenye swali la pili kuna nukta mbili za kuangalia. Ya kwanza ni kitovu cha uzito, mahali ambapo uzito wote wa kitu ni kana kwamba umekusanyika. Ya pili ni katikati ya nafasi ambayo kitu kimeichukua ndani ya maji, na hapo ndipo msukumo wa kwenda juu unapofanya kazi. Moja inavuta chini, nyingine inasukuma juu. Zisipokuwa kwenye mstari mmoja wa wima, kitu kinazungushwa mpaka zipatane. Kwa kitu kilichozama chote, kama nyambizi, kitovu cha uzito lazima kiwe chini ya ile nukta nyingine, la sivyo kitageuka.

Kwa meli iliyo juu ya maji mambo ni matamu zaidi. Kitovu chake cha uzito mara nyingi kiko juu ya ile nukta ya msukumo, na bado haipinduki. Inapolalia upande, tumbo lake huzama zaidi upande huo, na msukumo wa maji unahamia hukohuko na kuirudisha. Mfaransa Pierre Bouguer, katika kitabu chake cha 1746, alionyesha kwamba kuna kikomo, nukta inayoitwa metasenta. Kitovu cha uzito kikiwa chini ya nukta hiyo, meli hurudi. Kikipanda juu yake, hairudi. Manahodha wa majahazi hawakumsubiri Bouguer. Chombo kisicho na shehena walikitia farumi, mawe au mchanga chini kabisa ngamani, kabla ya kutweka tanga. Farumi inakiongezea chombo uzito, yaani inakisogeza karibu na kuzama, na hapohapo inakifanya salama zaidi.

Wasweden walilipia somo hilo kwa fedheha. Manowari yao Vasa ilikuwa na sitaha mbili za mizinga, na tumboni mawe ya tani 120 hivi, ambayo hayakutosha. Kabla ya safari, mabaharia 30 waliamriwa kukimbia juu ya sitaha kutoka ubavu hadi ubavu ili kuipima. Baada ya mikimbio mitatu zoezi likasimamishwa, maana meli iliyumba mno. Hata hivyo ikaruhusiwa kuondoka. Tarehe 10 Agosti 1628, mbele ya watu wa Stockholm, upepo mdogo uliilaza, maji yakaingia kwenye matundu ya mizinga ya sitaha ya chini, na safari ikaishia kama mita 1,300 kutoka ilikoanzia.

Vasa ilikuwa inaelea vizuri. Hesabu ya jumla haikuwa na dosari. Ila kipande cha ubao au mche wa mkoko ukilala, ujazo wake haubadiliki. Chombo chenye uwazi kikilala, maji yanaingia, hewa inatoka, na ule ujazo uliokuwa unakibeba unapungua. Mkao mbaya unafuta jumla nzuri. Hii ndiyo tofauti ambayo vitabu vya darasani huiruka, nami naona ndiyo yenye thamani kuliko zote kwa watu wanaopanda vyombo.

Meli ya abiria MV Bukoba ilipopinduka karibu na Mwanza, katika Ziwa Victoria, tarehe 21 Mei 1996, haikuzama mara moja. Iliendelea kuelea tumbo likiwa juu, kwa kuwa hewa ilinaswa ndani, na ndani yake walikuwamo watu hai. Waokoaji wakatoboa chuma ili kuwafikia. Hewa ikatoka kwenye tundu, maji yakapanda kuchukua nafasi yake, na meli ikashuka. Sina moyo wa kuwalaumu waliokuwa juu ya chuma kile siku ile. Lakini hewa ile ndiyo iliyokuwa ikiubeba mzigo wote. MV Nyerere nayo ilibaki ikielea ikiwa imepinduka karibu na kisiwa cha Ukara, katika ziwa hilohilo, Septemba 2018, na mtu mmoja akatolewa hai siku mbili baadaye, kutoka sehemu iliyosalia na hewa.

Ubavuni mwa meli kubwa huchorwa alama ya mwisho wa mzigo. Uingereza iliilazimisha kwa sheria ya 1876, baada ya kelele za mbunge Samuel Plimsoll, na siku hizi huwa na mistari tofauti kwa maji baridi na ya chumvi. Ni alama nzuri, ila inajibu swali la kwanza tu. Inasema meli imebeba kiasi gani, haisemi mzigo umewekwa wapi. Magunia yaleyale yakihamishwa kutoka tumboni hadi sitaha ya juu, mstari hausogei hata kidole, wakati kitovu cha uzito kimepanda. Dalili inaonekana kwenye kuyumba. Meli iliyopangwa vizuri hurudi upesi, hata kwa kukera, na abiria huilalamikia kwa kuwatapisha. Iliyojaa juu huyumba polepole, kwa upole, ikikawia kidogo ubavuni kabla ya kurudi, na abiria huisifu kwa utulivu wake.