Simiti ilivyonila umeme Uingereza

Mama alipokuja Uingereza kutoka Mombasa, alishindwa kusimama jikoni kwa baridi ya sakafu. Nikatandaza nyaya za umeme za kupasha joto juu ya simiti, nikafunika kwa vigae. Bili ikapanda, sakafu baridi vilevile: joto lilikuwa likinywewa na simiti. Ikabidi nivunje, na vigae vyenyewe sikuwa nimemaliza kuvilipia!

Mara ya pili nilianza kwa kubandika vipande vya povu gumu vya kuzuia joto lisishuke, ndipo nyaya zikafuata. Nilizipima kwa mita kabla na baada ya kuzifunika, maana waya ukikatika chini ya kigae huuoni. Kuunganisha na umeme wa nyumba nilimwachia fundi. Gundi tukaiacha ikauke kabisa kabla ya kuwasha.

Sasa Mama huingia jikoni alfajiri pekupeku.