Nani Atasema «Moto», na kwa Lugha Gani?

Mwaka jana, wakati wa likizo kubwa, nilipata kazi ya kuhesabu bidhaa katika duka moja la vitambaa katikati ya mji wa Lubumbashi. Jengo lilikuwa na orofa tatu: duka chini, ofisi katikati, depo juu. Mchana mmoja umeme ulikatika, jenereta ikawashwa, na waya mmoja karibu na ngazi ukaanza kutoa cheche. Rundo la makatoni likashika moto. Mimi nilikuwa depo pamoja na mama mmoja anayefagia. Tukasikia patron akipiga kelele toka chini: «Évacuez ! Évacuez !»

Yule mama akainama, akabeba furushi la vitambaa, akaniambia: «Saidia, kijana. Patron anasema tutoshe bintu.»

Hakuwa mjinga. Amri ilikosa kitu cha kutendwa: ondoeni nini? Katika depo, siku zote, kinachoondolewa ni mzigo. Nilimvuta mkono tukashuka. Mlango wa nyuma ulikuwa umefungwa kwa kufuli, na zamu aliyeshika ufunguo alikuwa amekwenda kula. Tukapita mbele, katika moshi, tukikohoa. Jirani mmoja alizima moto kwa mchanga. Hatukuungua, lakini tangu siku ile ninaliona suala la usalama wa majengo ya biashara kama suala la Kitivo chetu pia.

Wajibu ni wa nani?

Kanuni ya Kazi ya nchi yetu, yaani Sheria n° 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inamtwika mwajiri wajibu wa kulinda usalama na afya ya wafanyakazi mahali pa kazi. Kwa maneno ya kila siku, maana yake ni hii: njia za kutokea ziwe wazi wakati watu wako ndani, nyaya zikaguliwe, petroli ya jenereta isiwekwe karibu na ngazi, vizimamoto viwepo na vifanye kazi, na watu wafundishwe la kufanya. Katika jengo lenye maduka mengi kazi inakuwa ngumu zaidi, kwa sababu ngazi na mlango wa nyuma hutumiwa na wote, na cha wote husahauliwa na wote. Hapo lazima mtu mmoja atajwe kwa jina lake.

Mfanyakazi naye ana sehemu yake: kujua milango miwili ya kutokea, siyo mmoja tu, kutojaza makatoni kwenye ngazi, kusema mapema anapoona waya umechunwa. Na zamu, ambaye mara nyingi hahesabiwi kama mfanyakazi wa maana, ndiye anayeshika uhai wa watu mfukoni mwake.

Ujumbe usiofika

Mfano unaojulikana sana ni wa New York, tarehe 25 Machi 1911, katika kiwanda cha mashati cha Triangle. Watu 146 walikufa, wengi wao wasichana wahamiaji, Wayahudi na Waitalia. Moto ulianza orofa ya 8. Kutoka huko walipiga simu orofa ya 10, walikokuwa wenye kiwanda, na wengi wa huko wakaokoka kwa kupita juu ya paa. Orofa ya 9 haikupata ujumbe. Ilijua kuna moto ulipofika. Mlango mmoja wa orofa hiyo ulikuwa umefungwa, na ngazi za wazima moto ziliishia orofa ya 6. Mlango wenyewe, kama ilivyoelezwa wakati ule, ulifungwa kwa kuogopa wizi. Sababu hiyo nimeisikia Lubumbashi, kwa Kiswahili.

Sisi tunaosoma isimu tunamjua Austin: kusema ni kutenda. Neno «Moto!» lina sura ya taarifa, lakini kazi yake ni amri. Hata hivyo, amri hiyo haina mahali wala mwelekeo. Anayesikia akiwa juu hajui kama ashuke au apande. Tilio jema lina sehemu tatu: nini, wapi, fanya nini. «Moto! Uko chini kwenye ngazi! Tokeni kwa mlango wa nyuma!» Sentensi fupi, vitenzi vya kuamuru, mtendwa wazi. Na lisemwe kwa lugha ambayo kila mtu ndani ya jengo anaielewa bila kufikiri. Katiba ya 2006 inasema Kifaransa ni lugha rasmi, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa. Moshi haungoji lugha rasmi.

Alama nazo husomwa

Kuna watakaosema: tutumie picha, zisizo na lugha. Picha inayotumika dunia nzima ni ile ya mtu wa kijani anayekimbilia mlangoni. Ilitoka Japani, nchi iliyokuwa imepoteza zaidi ya watu 100 katika moto wa jengo la maduka la Sennichi, Osaka, mwaka 1972. Ni alama nzuri. Lakini nilipomwonyesha yule mama ile iliyobandikwa dukani kwetu, alicheka: «Kale kamuntu ka vert? Miye nilizani ni publicité ya sport.» Peirce angeiita ikoni, yaani alama inayofanana na kitu chake. Kufanana peke yake hakutoshi. Hata ikoni inahitaji mtu wa kuifafanua mara ya kwanza.

Ni vilevile kwa kizimamoto, ile chupa nyekundu ya ukutani. Maelezo yake kwetu yalikuwa kwa Kifaransa na Kiingereza. Ukiyafupisha, ni vitenzi vinne: vuta pini, lenga chini ya ndimi za moto, bana mkono, peperusha kushoto na kulia. Ongeza makatazo mawili: usimwage maji juu ya petroli, maana petroli huelea na kusambaza moto, wala juu ya umeme ambao haujakatwa. Kama moto umekuzidi, acha, toka, funga mlango nyuma yako. Moshi ukijaa, inama, kwa sababu hewa inayobaki iko chini. Usitumie asansa. Usirudi kuchukua kitu.

Baada ya kutoka, watu wakutane mahali pamoja wahesabiwe. Hapa nakiri aibu yangu. Siku ile nilikuwa na daftari lenye hesabu ya kila kipande cha kitambaa katika jengo. Hakuna daftari lililoonyesha ni watu wangapi walikuwa ndani.

Tulichoandika

Wiki iliyofuata niliandika tangazo kwa Kiswahili sanifu. Yule mama alilisoma, akanyamaza, kisha akaniuliza «dharura» ni nini. Tukakaa tukaandika upya, yeye akisema, mimi nikiandika:

«Moto ikiwaka: Piga makelele, sema fasi yenye iko. Acha bintu. Toka kwa mulango ya nyuma. Ufungulo iko ku musumari, haina ya kubeba. Tukutane ku muti wa muembe, tuhesabiane.»

Walimu wetu watasahihisha upatanisho wa ngeli, na watakuwa na haki darasani. Patron alilibandika. Kazi ya kuutundika ufunguo kwenye msumari ilichukua siku nne zaidi, na maneno mengi.

Ombi langu kwa wenzangu ni dogo. Kila mmoja wetu apite katika jengo moja analolijua, hata haya majengo yetu ya masomo, asome matangazo ya moto, kisha amuulize anayefagia yanasema nini.