MANENO YALIYO MLANGONI PA KAZI YANAKUHUSU

Ndugu mfanyakazi, kila siku unapita mlangoni pa kazi na kuona ubao wenye lengo la kampuni: inataka kufanya nini, na kwa njia gani. Wengi hupita bila kusoma. Wanasema: "Hayo ni mambo ya wakubwa." Sivyo. Maneno hayo yanahusu mwili wako.

Tutazame mfano wa kwetu. Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka 1906 ili kutoa shaba. Miaka ya kwanza watu waliletwa kutoka mbali kwa mikataba mifupi, na wengi waliugua na kufa. Tangu mwaka 1928 kampuni ilibadili njia: mkataba wa miaka 3, kukaa kambini pamoja na mke na watoto, posho, hospitali, shule. Haikuwa huruma tu. Iliona kwamba mgonjwa hatoi shaba, na kutafuta watu wapya kila mara ni gharama. Hata hivyo, lengo lilionekana nyumbani na kwenye sahani, si katika karatasi peke yake.

Sasa tushuke shimoni. Ni zamu ya usiku. Unagonga dari kwa fimbo ya chuma. Jiwe zima hulia kwa sauti kali, kama kengele. Lililoachana hulia kama ngoma. Leo umesikia ngoma. Kapita anasema: "Endelea, vagoni zinangoja." Hapo ndipo lengo la kampuni lina kazi. Ikiwa imeandikwa kwamba uhai wa mtu unatangulia tani, wewe na kapita mna jibu moja kabla ya ugomvi: toka, funga njia, toa habari. Hujakataa kazi, umefuata neno la kampuni yenyewe.

Mkataba namba 176 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1995, unasema vivyo hivyo: mfanyakazi wa mgodi ana haki ya kuondoka mahali akiwa na sababu ya kweli ya kuona hatari kubwa. Hapa Kolwezi tunajua dari ni kitu gani: mwaka 1990 sehemu kubwa ya mgodi wa Kamoto, chini ya ardhi, ilibomoka.

Basi, fanya hivi:

1. Soma ubao. Usipoelewa Kifaransa chake, omba ufafanuliwe kwa Kiswahili.

2. Tafuta neno juu ya uhai na afya. Kama halipo, uliza sababu katika kamati ya usalama.

3. Ukiona kazi inakwenda kinyume cha neno hilo, sema siku ileile, wala usingoje ajali.

Nawe mama, bwana akirudi, usiulize mshahara tu. Muulize: "Leo dari ililiaje?"

Ahadi ni deni. Kampuni imeandika, sisi tuidai, na sisi wenyewe tuitimize.