Dakika ya Kwanza ya Mtoto: Namna Timu za Uzazi Zinavyodumisha Umakini

Mtoto anayezaliwa bila kupumua huhitaji kusaidiwa ndani ya dakika moja. Kwa mkunga aliye zamu katika kituo cha afya huko Ushetu, mkoani Shinyanga, dakika hiyo haisubiri semina ijayo. Kwa hiyo kila mradi wa afya ya uzazi hauna budi kujiuliza: je, timu ya zamu ya usiku wa leo iko tayari?

Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, mkoani Manyara, ililipata jibu kwa vitendo. Mwaka 2010 watumishi wake walipewa mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto mchanga kupumua. Miezi saba baadaye walifanya vizuri zaidi kwa mwanasesere wa mazoezi, ila huduma kwa watoto wenyewe haikubadilika. Ndipo yakaanzishwa mazoezi mafupi ya mara kwa mara, humo humo wodini. Vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000.

Mradi wa Safer Births uliipanua njia hiyo katika vituo 30 vya mikoa ya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2025, yaliyohusu akina mama zaidi ya 280,000, yalionyesha kuwa vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilipungua kwa takriban asilimia 40, na vya akina mama kwa takriban asilimia 75.

Haba na haba hujaza kibaba. Timu hizo zilishika mambo machache: lengo lililo wazi, mazoezi mafupi mahali pa kazi, takwimu za kituo chenyewe, na mazungumzo baada ya tukio yasiyomtafuta wa kulaumiwa. Anayeogopa lawama huficha kasoro, na kasoro iliyofichwa hujirudia.

Hata zahanati yenye watumishi wachache inaweza kuanza kwa kukagua kifaa cha kumpa mtoto hewa kila zamu inapoanza, kisha kufanya zoezi la dakika chache. Mama mjamzito naye asaidie kwa kuwahi kituoni uchungu unapoanza, kwani timu iliyo tayari humsaidia aliyefika.