Je, Wajua? Kabla Hujabofya "Nakubali"

Je, wajua kuwa mwaka 2017 watu wapatao 22,000 walikubali kusafisha vyoo ilimradi wapate Wi-Fi ya bure? Kampuni ya Purple ya Manchester, Uingereza, ilipachika makusudi katika masharti yake saa 1,000 za kazi za kijamii: kuzibua mitaro ya majitaka kwa mikono, kubandua bigijii barabarani, hata kupaka rangi magamba ya konokono. Iliahidi zawadi kwa atakayegundua. Wiki mbili nzima, akajitokeza mtu mmoja. Hakuna aliyeshikishwa ufagio. Kampuni ilitaka kuonyesha tu kwamba watu hawasomi.

Wala tusiwaite wavivu. Mwaka 2016 Baraza la Watumiaji la Norway lilisoma kwa sauti masharti ya programu 33 za simu. Kazi hiyo ilichukua karibu saa 32! Hapo wa kulaumiwa ni mwandishi wa masharti.

Je, wajua kuwa kisanduku kilichokwisha kuwekewa tiki si ridhaa? Ndivyo ilivyoamua Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya mnamo 1 Oktoba 2019. Tiki aiweke mtu mwenyewe.

Na masharti yaonekane. Mwaka 2002, katika kesi dhidi ya kampuni ya programu ya Netscape, mahakama ya rufaa ya shirikisho la Marekani iliyoko New York ilisema waliopakua programu hawakufungwa na masharti yaliyojificha chini ya kitufe, mahali ambapo mtu hafiki asiposhusha ukurasa.

Je, wajua umri wa miaka 13 unaouona kwenye fomu nyingi umetoka wapi? Ni sheria ya Marekani ya 1998 ya kulinda watoto mtandaoni. Kikundi cha Kenya kinachounakili umri huo kwenye fomu yake kinajitafutia matatizo: Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kwa taarifa za mtoto, na kwa Katiba ya Kenya mtoto ni yeyote aliye chini ya miaka 18. Tanzania nayo ina sheria yake ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023.

Sheria hiyo ya Kenya inamtwisha anayekusanya taarifa mzigo wa kuthibitisha kwamba ridhaa ilitolewa. Kwa hiyo, kama kikundi chenu kinakusanya taarifa, fomu yenu ihifadhi nani alikubali, lini, na toleo lipi la masharti. Mkiyabadilisha masharti, mwulizeni upya aliyekubali. Naye ana haki ya kuiondoa ridhaa yake wakati wowote, basi kitufe cha kujitoa kikae mahali pa wazi.