Vita Vinavyomtaka Adui Abaki

Mwezi wa Julai, wanaume wazima wa Makunduchi huingia uwanjani na vipande vya migomba mikononi, wakaanza kutandikana. Wa upande wa kaskazini wa mji huwakabili wa upande wa kusini, na kwa muda huo hakuna kuoneana haya: shemeji humpiga shemeji, mdogo humkimbiza mkubwa, na mwenye lake la moyoni juu ya jirani hulitoa kwa mkono na kwa ulimi. Jua halijatua ila wamekwisha kukaa pamoja wanakula. Hiyo ndiyo Mwaka Kogwa, na usidanganyike na zile kelele. Ni katika mila zenye taratibu nyingi kabisa kisiwani Unguja.

Makunduchi iko kusini mashariki ya kisiwa, mwendo wa kilomita 60 na ushei kutoka Mji Mkongwe, na gari yake ni ile daladala nambari 310. Wenyeji wake ni katika watu walioitwa Wahadimu, waliokuwa chini ya Mwinyi Mkuu wa Dunga hadi utawala huo ulipokwisha katika karne ya 19. Wengi hujinasibisha na Washirazi, na sherehe yao ni Nairuzi, mwaka mpya ule ule wa Waajemi. Lakini Nairuzi ya Iran huangukia Machi. Vipi ya kwetu ikawa Julai?

Jawabu limo katika hesabu. Mwaka wa Nairuzi si wa mwezi mwandamo wala si wa kalenda ya ukutani. Una siku 365 kamili, zilizogawanywa kwa miongo ya siku kumi kumi. Miongo 36 ikitimia, zinabaki siku tano za kufungia mwaka. Kwa kuwa hakuna siku ya nyongeza kila baada ya miaka minne, Mwaka hurudi nyuma taratibu, siku moja kwa miaka minne, kama siku 25 kwa karne. Ndiyo maana mabibi na mababu wa wazee wa leo waliukoga mwezi wa Agosti. Mwaka hupewa jina la siku unaoanzia, na kwa kuwa wiki 52 huacha siku moja mkononi, Mwaka Jumatatu hufuatwa na Mwaka Jumanne. Mkulima alijua mwongo wa kupanda mtama, na nahodha alijua kaskazi imebakiza miongo mingapi kabla kusi haijageuza bahari. Kalenda ya Kiislamu ilimpa mtu huyo huyo Ramadhani na Idi zake. Zote mbili ziliishi nyumba moja bila kugombana.

Basi siku yenyewe ikifika, kazi ya kwanza ni vile vita. Zamani, wazee husimulia, silaha zilikuwa fimbo na marungu, na damu ilimwagika kweli. Askofu Edward Steere, katika kitabu chake cha kufundishia Kiswahili kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1870, alieleza kwamba hapo zamani mauaji na fujo za siku ya Mwaka hazikuwa zikifanyiwa uchunguzi, na watu waliingojea siku hiyo wamalizie ugomvi wa zamani. Mgomba umekuja kushika nafasi ya rungu. Ni chaguo la watu wanaojua wanachofanya: una uzito wa kutosha kumfanya mtu ahisi kapigwa, na una maji ya kutosha usimvunje mfupa. Hupasuka upesi, na ukishapasuka mkononi mwako huna budi kusimama utafute mwingine. Hapo hasira nayo hupata nafasi ya kupumua.

Wanawake hawapigani, lakini wasije wakadhaniwa ni watazamaji. Wao hutoka wamepamba, kanga na magauni mapya, wakauzunguka uwanja wakiimba. Nyimbo zao zina mafumbo makali, mengine yasiyosemeka mbele ya wakwe siku nyingine yoyote, na shabaha yao kubwa ni wanaume. Mtu aliyetoka uwanjani na alama ya mgomba mgongoni huweza akasahau kufika jioni. Aliyepigwa kijembe cha wimbo hukisikia watoto wakikiimba mpaka masika.

Baada ya hapo ndipo uganga unapoingia. Kijumba cha makuti hujengwa kwa ajili ya siku hiyo. Mzee mwenye dhamana ya mila huingia ndani, moto ukawashwa naye yumo. Makuti makavu hayangoji. Kwa dakika chache kijumba chote huwa ndimi za moto. Mzee huponyoka, na watu huutazama moshi. Uelekeako moshi ndiko kunakosomwa habari za mwaka unaoingia. Itikadi ya mji ni kwamba hakuna afaye katika moto ule, na kwamba mwaka usiochomewa kijumba ni mwaka wa kuogopwa.

Nyuma ya mzee huyo kuna daraja ya watu inayojulikana kusini ya Unguja, nao ni wavyale, waangalizi wa ardhi na wa mizimu ya mji, wanaume kwa wanawake, wanaorithishana kazi hiyo katika koo za wenyeji wa kale. Aliyetaka kufyeka msitu mpya alianza kwao. Uganga wao si wa kumshinda fulani. Ni wa kuuweka mji wote chini ya kinga moja, pamoja na yule aliyekutandika mgomba asubuhi.

Hilo halina maana kwamba Unguja haina uganga wa kushindana. Inao, tena mwingi. Kuna hirizi ya kufungwa mkononi. Kuna kombe, aya zilizoandikwa kwa wino wa zafarani kwenye sahani, zikaoshwa na kunywewa. Kuna fingo la kuzikwa mlangoni au shambani, na zindiko la kumfunga adui asiingie. Mapenzi, biashara na kesi za mashamba zimepita humo, na mpira nao haujasalimika; mshabiki wa Unguja hahitaji kufundishwa kwa nini timu wakati mwingine hukataa kuingilia mlango wa kawaida wa uwanja. Uganga huu hufanywa usiku na kwa siri, kwa sababu faida ya mmoja ni hasara ya mwengine. Ule wa Mwaka hufanywa mchana, mbele ya kila mtu, na watoto wamebebwa mabegani waone.

Masheikh wamelisema jambo hili miaka mingi, na kauli zao si moja. Wapo wanaoona kijumba na moshi wake ni ushirikina usiofaa kuchekewa. Wapo wanaosema ni mila tu, maadamu mtu hamwombi asiyekuwa Mungu. Wanamakunduchi wenyewe ni watu wa msikiti, na jirani yao Kizimkazi Dimbani ina msikiti wenye maandishi ya Kikufi ya mwaka 1107, miongoni mwa misikiti ya zamani kabisa katika pwani nzima. Hawajaona kwamba lazima wachague. Bishano hilo nalo hurudi kila Julai, na linaonekana limeshakuwa sehemu ya sherehe.

Mji Mkongwe nao haukuwa nje ya mila hii. Siku ya Mwaka watu wa mjini walikuwa wakishuka baharini kukoga, wanawake kwa wanaume, na moto wa jikoni ukizimwa na kuwashwa upya kwa kupekecha vijiti. Leo mjini desturi hiyo imepungua sana. Mapambano ya vijana yamehamia kwenye simu. Pita jioni vichochoroni utawakuta wamejipanga barazani, vichwa chini, kila mmoja na kioo chake, wakipigana na watu wasiowajua katika Free Fire au PUBG. Katika gemu za namna hii watu kadhaa hutupwa kisiwani, mpaka wa salama ukawa unafinywa, na mchezo hauishi mpaka abaki mmoja au kikosi kimoja.

Ipo moja katika jamii hiyo iliyoacha bunduki ikachukua uchawi. Inaitwa Spellbreak, iliyotolewa Septemba 2020 na kampuni ya Proletariat ya Marekani. Mchezaji huvaa glavu mbili za kiganga, akachagua kati ya moto, barafu, upepo, radi, mawe na sumu, na ufundi uko katika kuchanganya. Ukirusha moto juu ya wingu la sumu, wingu zima linawaka. Ukiuchanganya na upepo unapata kimbunga cha moto. Dhoruba ya uchawi huwazunguka wote na kuwasukuma katikati. Mganga wa Makunduchi angezitambua nyenzo hizo moja moja: moto, upepo, mahali palipozungushiwa mpaka, na mtu anayeponyoka ndani ya ndimi za moto.

Asichokitambua ni lengo. Katika gemu, uganga wote upo ili wenzako watoweke mmoja mmoja ubaki wewe. Hata mwenza uliyeingia naye thamani yake ni mpaka mtakapowamaliza wengine. Na kilichokuja kuiua Spellbreak hakikuwa uganga wa mtu. Wachezaji walikuwa wamepungua, na Januari 2023 kampuni ikafunga mitambo yake, ikaacha toleo la kuchezwa na wanaoalikana wenyewe kwa wenyewe. Mchezo ulioishi kwa kuwaondoa watu uwanjani ulikosa watu wa kuondoa.

Makunduchi inaonekana iliijua hatari hiyo mapema. Vita vyao vimejengwa kwa namna ambayo mpinzani ndiye mali yenyewe. Upande mmoja ukihama, mwingine hauna Mwaka. Ndipo unapoielewa ile kanuni ambayo wageni hudhani ni ukarimu tu, kwamba siku ya Mwaka kila mwenyeji anapaswa awe na mgeni, na kukosa mgeni ni mkosi. Anayetoka mjini, Bwejuu au Ulaya huvutwa ndani akale. Mila inayoanza kwa kumpiga jirani humalizikia kwa kumtafuta mtu wa kukaa naye mkekani, kwa sababu mwaka ujao uwanja utataka watu.

Unguja ina desturi nyingine inayofuata akili hiyo. Kwenye kirumbizi, ngoma ya bakora inayochezwa harusini na sikukuu, wawili huingia duarani huku zumari inalia. Mmoja hurusha, mwingine hukinga, na ustadi unaoshangiliwa ni wa kinga pia, si wa pigo tu. Anayemuumiza mwenzake makusudi amejitoa duarani mwenyewe. Hapo napo mshindi ni yule atakayepata mtu wa kucheza naye kesho.

Siku hizi Mwaka Kogwa huhudhuriwa na viongozi wa Serikali, jukwaa hupangwa, na watalii hujaa na kamera zao. Siku nne za ngoma na taarabu huuza mihogo, pweza na soda kwa wingi. Wako wanaolalamika kwamba sherehe imegeuzwa maonesho. Kamera haiwezi kuudhuru Mwaka hivyo. Mwaka umekula marungu ukatema migomba, umehama kutoka Agosti mpaka Julai, na umevumilia waadhi wa kila namna. Utakaloshindwa kulivumilia ni kukosa wa kupigana. Vijana wa kusini wanafanya kazi mjini, hotelini, Dar es Salaam na Maskati, na kila anayeshindwa kurudi Julai ni upande mmoja uliopungua mtu.

Kwa hiyo anayetaka kuihifadhi mila hii aache kuhangaikia jukwaa. Mwajiri wa hoteli ya Nungwi ampe kijana wa Makunduchi ruhusa ya siku mbili. Mzazi aliyehamia Mwanakwerekwe ampandishe mwanawe daladala, hata kama mtoto ananung'unika kwamba ataacha gemu katikati. Atapigwa na mjomba wake, atatukanwa na shangazi zake kwa wimbo, kisha atalishwa mpaka ashindwe kuinuka. Na mjomba huyo, kabla ya kumruhusu kurudi mjini, atamwuliza swali moja tu: mwakani unakuja?